Kimbunga cha kusini au cha kaskazini: ukiwa Lamu, ufuatilie msimu upi?

Mpwa wangu ana mashua moja na kazi mbili zinazomngoja. Moja ni kukivuta chombo kipya kinachomaliziwa Matondoni hadi kwa mwenyewe Tanga, mwisho wa Aprili. Ya pili ni kupanda na wavuvi wa kamba upande wa Kiwayu na Kiunga, kuanzia Oktoba. Fedha aliyo nayo inatosha kuitayarisha mashua kwa safari moja tu. Juzi baada ya isha alikuja barazani akanipa simu. Alikuwa amefungua kurasa mbili: orodha ya vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari Hindi, na orodha ya vimbunga vya kaskazini mwa bahari hiyo hiyo.

"Mjomba," akaniuliza, "ni hii ya kusini inayotuhusu, au hii ya Waarabu na Wahindi?"

Swali lake ni zuri, na hapa Lamu lina majibu mawili, yote mabovu. Wazee husema Lamu haipigwi kimbunga, basi, kahawa iendelee. Vijana nao, tangu kimbunga Hidaya cha Mei 2024, wakipata ujumbe wowote wa dhoruba kwenye simu huusambaza bila kuangalia ni ya bahari gani wala ya mwaka gani. Nimekaa na orodha zile mbili siku kadhaa. Haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza, wazee wana sehemu ya haki. Lamu iko digrii mbili na kidogo kusini ya ikweta, Malindi digrii tatu na kidogo. Kimbunga kinataka maji ya moto, nyuzi 26 na nusu au zaidi, lakini pia kinataka dunia iupinde ule upepo unaokimbilia kati mpaka uzunguke. Karibu na ikweta nguvu hiyo ya kuupinda upepo haipo, au ni kidogo mno. Ndiyo maana ndani ya digrii tano za kila upande ni nadra kimbunga kuzaliwa. Nadra, sikusema haitokei: mwishoni mwa Novemba 2004 kimbunga Agni kilizaliwa kwenye Bahari ya Uarabuni, chini ya digrii moja kutoka ikweta. Kwa hiyo tuko kwenye ukanda mwembamba wa amani, na nje ya kila ukingo wa ukanda huo kuna jirani mwenye hasira zake na kalenda yake.

Kalenda hizo hazifanani, na hapo ndipo mpwa wangu alipochanganyikiwa. Kusini mwaka wa vimbunga huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, ndiyo maana utaona umeandikwa kwa miaka miwili, 2023–24. Msimu wenyewe hutangazwa kuanzia Novemba 15 hadi Aprili 30. Mauritius na Shelisheli huongezewa hadi Mei 15. Ni mlima mmoja: unapanda Desemba, unafika kilele Januari hadi Machi, unashuka. Kaskazini wanahesabu Januari hadi Desemba, na mwaka wao una nundu mbili kama ngamia. Nundu moja ni Aprili hadi Juni, nyingine Oktoba hadi Desemba. Katikati hapo kusi, upepo wa kusini, huvuma kwa nguvu kuelekea Bara Hindi, na upepo wa chini na ule wa juu hupishana vikali kiasi kwamba dhoruba ikijaribu kusimama hukatwa kichwa.

Sasa ziweke nundu hizo mbili juu ya bahari yetu. Moja inaangukia kusi inapoanza, nyingine inaangukia matlai, ule utulivu kati ya kusi na kaskazi. Kwa maneno mengine, jirani wa kaskazini hukasirika wakati pepo zetu zinapobadilishana zamu, na Oktoba hadi Novemba ndio wakati ambao bahari ya Lamu hutulia kama sufuria ya mafuta na kila mtu anatamani kwenda mbali. Jirani wa kusini yeye hukasirika ndani ya kaskazi yetu, yaani upepo wa kaskazini, msimu wa samaki na wageni. (Wazee walikuwa na mwaka wao wa tatu, ule wa kuhesabu kutoka Nairuzi, siku 365 zilizogawanywa miongo ya siku kumi kumi. Sijaona programu ya simu inayoujua.)

Maneno nayo yanadanganya. Dhoruba za kusini husimamiwa na kituo cha Ufaransa kilichopo kisiwa cha Réunion, na majina hutolewa na Madagaska au Mauritius, kutegemea dhoruba imekomaa upande gani. Za kaskazini husimamiwa na New Delhi, na majina hutoka kwenye orodha ya nchi 13. Upepo ukifika kilomita 63 kwa saa, wote wawili hutoa jina. Lakini Delhi papo hapo huanza kuiita kimbunga, ingawa cha ngazi ya chini, wakati Réunion bado wanasema dhoruba ya kitropiki, na hawasemi kimbunga mpaka upepo ufike 118. Basi mtu akisoma "kimbunga" kutoka Uarabuni na "dhoruba" kutoka Msumbiji siku moja, anaweza kuogopa ile ndogo na kuidharau ile kubwa. Isitoshe, Réunion wanapima wastani wa upepo kwa dakika 10, Delhi kwa dakika 3, na programu nyingi za simu hunakili Wamarekani wanaopima kwa dakika 1. Dhoruba moja, tarakimu tatu. Mimi nimeacha kulinganisha tarakimu za kurasa mbili. Nachagua ukurasa mmoja, naangalia inapanda au inashuka.

Hata mzunguko ni tofauti. Cha kusini huzunguka kama akrabu za saa, cha kaskazini kinyume chake. Ukiupa upepo mgongo, kiini cha dhoruba ya kusini kiko mkono wako wa kulia. Ya kaskazini, mkono wa kushoto. Ni kanuni nzuri kwa nahodha aliyeko Mtwara au Salalah. Hapa Lamu usiitegemee sana, kwa sababu ile ile ya ikweta.

Mwaka mmoja, kurasa mbili

Nilichukua kaskazini 2023 na kusini 2023–24, kwa sababu ni miaka ambayo wote tunaikumbuka kwa maji.

Kaskazini ilitoa majina sita. Mocha kilipiga Myanmar mwezi wa Mei, Biparjoy kikapiga Gujarat katikati ya Juni, Tej kikaingia Yemen Oktoba, kisha Hamoon na Midhili zikaenda Bangladesh, na Michaung ikamaliza mwaka pwani ya Andhra Pradesh mwanzoni mwa Desemba. Kati ya sita, nne zilizaliwa Ghuba ya Bengal. Hizo hazituhusu ndewe wala sikio. Zinazostahili jicho la mtu wa Lamu ni za Bahari ya Uarabuni tu, na mwaka huo zilikuwa mbili. Tej peke yake ndiyo ilielekea upande wetu wa bahari, na hata hiyo ilitua mbali sana nasi.

Kusini majina hufuata herufi, kwa hiyo ukiangalia herufi unajua wamefika wapi. Alvaro ilifungua. Belal kikapiga Réunion katikati ya Januari na kuacha magari yakielea Port Louis, Mauritius. Zikafuata Candice, Djoungou, Eleanor. Filipo ilitua Msumbiji mwezi wa Machi, Gamane kaskazini mwa Madagaska mwishoni mwa mwezi huo huo. Mpaka hapo ungeweza kusema ni shida za watu. Halafu ikaja H, na baada ya H ikaja I.

Hidaya kilifika Mafia Mei 4, 2024. Jina hilo kwetu lina maana ya zawadi, na vichekesho vyake vilizunguka pwani nzima wiki ile. Kutoka Mafia hadi Lamu ni zaidi ya kilomita 600. Hapa Kenya Idara ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari, wavuvi wakaambiwa wasitoke, na shule, ambazo tayari zilikuwa zimekwama kwa mafuriko, zikaahirishwa tena. Kikatua, kikafa. Tukashusha pumzi.

Mimi nilifanya kosa langu hapo, na kosa si la mtu mwingine. Niliona Aprili 30 imepita, Hidaya kimekwisha, nikaufunga ukurasa. Mashua yetu ilikuwa imetia nanga upande wa Shela, amari yake, kamba ya nanga, imechakaa pale inapopita kwenye shavu la omo, mbele ya chombo. Nilikuwa nimeiona, nikasema nitaibadilisha baada ya mvua. Wiki mbili na kitu baadaye Ialy ikawa inapanda kutoka kusini, mashariki ya pwani yetu, ikisogelea ikweta kuliko ilivyo kawaida. Mwezi ulikuwa unakaribia kujaa, kwa hiyo maji ni ya bamvua, yanajaa sana na kupwa sana. Asubuhi nilipoteremka mchangani hapakuwa na kishindo cha kuogofya. Palikuwa na mawimbi marefu, mapana, yanayokuja pole pole bila povu, moja baada ya jingine, kama mtu anayekunja mkeka. Kila moja liliinua mashua nzima, likaituliza, likaiachia. Maji yalipoanza kupwa, mkuku, uti wa chini wa mashua, ukaanza kugonga mchanga. Amari ikakatika pale pale nilipokuwa nimepaona. Kalfati, ile pamba ya kuziba nyufa, ilitoka kwenye ubao wa karibu na mkuku, urefu wa mkono mzima, na fundi wa Matondoni aliponiona nikimletea, aliingiza ukucha kwenye ufa, akacheka, akaniuliza kama nilikuwa nafuga samaki humo.

Ndiyo sababu sikubaliani na neno "msimu umeisha Aprili 30". Tazama tarehe za dhoruba zilizowahi kusogea ukanda wetu wa Afrika Mashariki, si zile za Madagaska. Unguja ilipigwa Aprili 1872. Mikarafuu ikalala na merikebu za Sultani Barghash zikavunjika, na Pemba iliyosalimika ndiyo ikabeba karafuu tangu hapo. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Kenneth kilipita kaskazini mwa Ngazija, kisiwa cha Komoro, na kutua Cabo Delgado Aprili 2019. Jobo ilielekea Dar es Salaam Aprili 2021, ikanyong'onyea kabla ya kufika. Hidaya Mei, Ialy Mei. Wakati kilele cha msimu kinawaua watu wa kusini, sisi tunaguswa na mkia wake, kaskazi inapokufa na kusi haijashika vizuri, na maji ya pwani ya Tanzania bado ni ya moto.

Haina maana kwamba kilele ni salama kwa kila mtu. Idai kilitua karibu na Beira usiku wa kuamkia Machi 15, 2019, na watu zaidi ya elfu moja wakafa Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Freddy cha 2023 kilitoka upande wa Australia, kikavuka bahari nzima, kikapiga Madagaska, kikapiga Msumbiji, kikarudi baharini na kupiga Msumbiji mara ya pili. Siku 36 kwa jumla, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekitambua kuwa ndicho kilichodumu kuliko vyote vilivyorekodiwa. Chido kiliiangukia Mayotte Desemba 14, 2024. Kama una jamaa Ngazija au unapeleka chombo Pemba ya Msumbiji, Januari ndiyo uwe macho. Ukiwa Lamu, Januari ni mwezi wa kuvua.

Mvua, na nzige

Upande huu kaskazini ina hoja nzito kuliko watu wanavyodhani.

Mtu wa Mpeketoni au Witu hana haja na mawimbi. Anataka kujua mvua. Dhoruba ya kusini humchezea kwa namna mbili zinazopingana: ikikaa mashariki ya Madagaska huweza kuvuta hewa yenye unyevu kutoka Kongo, na Kenya ikapata mvua, ikiingia mkondo wa Msumbiji huuvuta unyevu kwenda kwake. Machi 2019, Idai kilipokuwa huko, masika yalichelewa, na wakulima waliokuwa wamepanda mapema walijuta. Kwa hiyo jina la kimbunga pekee halimsaidii mkulima. Aangalie kiko upande gani wa Madagaska.

Ya kaskazini ni ishara iliyo wazi zaidi. Upande wa magharibi wa Bahari Hindi ukipata moto kuliko wa mashariki, Oktoba hadi Desemba huleta mambo mawili pamoja: vuli nzito kwetu, na vimbunga vingi Bahari ya Uarabuni. Mwaka 2019 Bahari ya Uarabuni ilitoa vimbunga vitano, idadi ambayo mara ya mwisho ilionekana 1902, na vuli ya mwaka huo ilifurika Kenya na Somalia. Kimbunga hakikuleta mvua yetu; vyote viwili ni watoto wa mama mmoja. Ukiona Delhi wanatoa majina mfululizo Oktoba, jua barabara ya Garsen itakuwa na habari zake.

Halafu nzige. Mekunu cha Mei 2018 na Luban cha Oktoba mwaka huo zilimwaga maji kwenye jangwa kuu la Uarabuni, mahali ambapo hakuna mtu wa kuangalia. Nzige wakazaliana kizazi baada ya kizazi, wakavuka kwenda Yemen na Pembe ya Afrika, na mwishoni mwa Desemba 2019 wakaingia Kenya kupitia Mandera. Kundi baya kuliko lolote kwa miaka 70. Kimbunga cha Salalah kikala mahindi ya Wakenya baada ya mwaka mmoja na nusu. Sijui kimbunga cha kusini kilichowahi kutufikia kwa njia ndefu kama hiyo.

Kwa upepo na mawimbi, hata hivyo, kaskazini iko mbali. Gati, kilichotua Novemba 22, 2020 karibu na Ras Hafun na ambacho ndicho kikali kuliko vyote vilivyorekodiwa kutua Somalia, kilikuwa takriban kilomita 1,800 kutoka hapa. Sagar cha Mei 2018 kiliingia hata ndani ya Ghuba ya Aden, kikatua Somaliland. Mvuvi wa Kiunga anaweza kusoma habari hizo huku ametega jarife.

Basi nani afuate upi

Mvuvi wa Kizingitini, Shela au Malindi anayerudi nyumbani jioni: fuata kusini, kuanzia Machi mosi hadi mwisho wa Mei, na usipunguze hata siku moja ya Mei. Miezi mingine tahadhari ya kawaida ya upepo na mawimbi kutoka Idara inakutosha.

Mkulima wa bara: kaskazini Oktoba hadi Desemba, kusini Machi na Aprili, na jicho kwenye ramani ya Madagaska.

Mwenye nyumba ya wageni Shela hahitaji orodha yoyote. Wageni wake wakisikia "kimbunga Afrika Mashariki" watavunja safari hata kikiwa Beira. Anachohitaji ni ramani yenye kipimo cha kilomita ya kuwatumia.

Anayevuka kwenda Unguja, Ngazija au kusini zaidi: kusini, msimu wote. Anayekwenda Yemen au Oman: kaskazini, Mei na Juni, kisha Oktoba hadi Desemba. Na Mei hasa ni ya wote wawili, maana mkia wa mmoja unaukanyaga mwanzo wa mwingine. Mwezi huo weka kurasa zote mbili wazi.

Ukinilazimisha nichague moja tu kwa mtu wa bahari wa hapa, nachagua kusini bila kusita.

Mpwa wangu alisikiliza yote, kisha akarudi kwenye kazi zake. Ya Kiunga nikamwambia haina shaka upande wa dhoruba. Matlai ni yake, mambo ya ruhusa na usalama akaulize wenyewe. Ya Tanga ndiyo niliyoikataa kwa tarehe zake. Mwisho wa Aprili ni mkia wenyewe. Tena hata bila kimbunga, kuvuta chombo kwenda kusini wakati kusi inaanza na mkondo unapanda kaskazini ni kutafuta ugomvi na mafuta ya dizeli. Vijana wenye mashini wamesahau kwamba upepo unalipiwa. Chombo hicho kiondoke Januari, kaskazi ikiwa tezini, nyuma ya chombo, na dhoruba za msimu ziko chini kule mbali. Siku tatu, nne, amefika na tanga limemsaidia nusu ya njia.

Akampigia mwenye chombo pale pale barazani. Yule bwana wa Tanga alikubali kungoja hadi Januari, lakini akataka apunguziwe malipo ya kuvutiwa. Wakaanza kuvutana bei. Mimi niliingia ndani, nikatoa roli la amari mpya nililonunua baada ya Ialy na ambalo bado halijafunguliwa, nikamwekea mlangoni.